Daftari la majina mia moja

Kazi ya kwanza niliyopewa baada ya kulipia kifurushi cha kuanzia haikuwa kuuza kitu. Niliambiwa nitafute daftari, nikae mahali penye utulivu, niandike majina mia moja ya watu ninaowafahamu. Usichague, nikaonywa. Usimpime mtu kwa kumwangalia mfukoni. Andika ndugu, majirani, mliosoma pamoja, fundi anayekushonea nguo, hata yule mliyekosana mwaka juzi. Nilipofika jina la themanini na tatu nilikwama, nikajazia watu waliokuwa kwenye simu yangu ambao hata sura zao zilikuwa zimeshanitoka.

Daftari hilo ninalo mpaka leo. Nilikaa kwenye biashara ya mtandao, ile ya kuuza bidhaa na kuingiza watu chini yako ili upate bonasi, miezi kumi na tisa, na kila nikiulizwa kama inawasaidia kweli watu wanaoingizwa, jibu langu huanzia kwenye kurasa zake: nani alisema ndiyo, aliweka kiasi gani, na yuko wapi sasa. Kampuni siitaji. Sitaki msomaji adhani shida ilikuwa kampuni moja mbovu, na kwamba akipata nyingine yenye sabuni nzuri zaidi atakuwa salama.

Aibu yangu kubwa niitoe mapema. Mimi ni mtunza hesabu. Kutwa nakaa na risiti za watu wengine ili niwaambie kama biashara zao zinapumua au zinakata roho. Kwa miezi kumi na sita ya kwanza sikuwahi kujifanyia mimi mwenyewe hesabu hiyo.

Aliyeniingiza tulisoma pamoja sekondari. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: “Habari za siku nyingi, dada. Una dakika kumi nikuonyeshe kitu?” Nikamuuliza ni kitu gani, akasema hakielezeki kwenye simu. Nikauliza ni kampuni gani, akasema tutaongea tukionana. Siku hizi mtu akikwepa mara mbili kutaja jina la kampuni, siendi. Lakini wakati ule nilikuwa nalipa mkopo niliouchukua kwa ajili ya ada ya mdogo wangu, na mshahara ulikuwa ukiingia asubuhi, jioni umekwisha. Nikaenda.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mlangoni nilipokewa kwa jina langu, mtu nisiyemjua akanivutia kiti, mwingine akaniuliza safari yangu ilikuwaje na akasubiri jibu. Msiidharau hali hiyo. Kwa mtu aliyechoka, kupokewa namna ile ni nusu ya kushawishiwa, na mimi nilikuwa nimechoka sana.

Mzungumzaji alichora duara ubaoni, ndani yake akaandika WEWE. Chini yake akachora maduara matano. “Watu watano tu. Nani hapa anakosa watu watano?” Chini ya kila duara akachora mengine matano. Ishirini na watano. Mia moja ishirini na watano. Pembeni ya kila mstari akaandika bonasi yake, na mstari wa chini ulikuwa na kiasi ambacho mimi hukiona kwenye vitabu vya makampuni tu. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Hesabu ya mchoro ule ingenichukua dakika tatu. Zidisha kwa tano, endelea kuzidisha. Ngazi ya sita ina watu 15,625. Ya kumi ina watu 9,765,625. Ya kumi na nne inapita bilioni 6, na ya kumi na tano inapita bilioni 30, wakati dunia nzima ina watu kama bilioni 8, vichanga wakiwamo. Hoja hiyo wengi wanaijua, na wenye kampuni wamezoea kuijibu: “kila siku watu wanazaliwa.” Iliyonishtua nilipokuja kukaa chini ni nyingine. Popote utakapousimamisha mchoro ule, uwe na ngazi nne au kumi, kama asilimia 80 ya watu wote wako mstari wa chini kabisa, hawana mtu chini yao. Asilimia 16 wako mstari wa juu yake. Jumla yao ni 96 katika kila mia. Uvivu wala uhaba wa ndoto hauhusiki hapo, ni umbo lenyewe la mchoro. Unaweza kuwajaza humo watu wachapakazi kuliko wote duniani, na bado 80 katika mia watakuwa chini kabisa.

Kifurushi changu kilikuwa sawa na mshahara wa mwezi mmoja na nusu. Kulikuwa na kidogo, lakini hicho, nikaelezwa, ni cha watu wanaojaribu. Mwenye nia huingia na kikubwa kwa sababu kinampa asilimia nzuri zaidi. Ambalo halikusemwa ukumbini ni kwamba kujiunga ni mara moja ila kununua ni kila mwezi. Ili uhesabiwe “hai” na bonasi zako zisifutwe, ni lazima uagize bidhaa zenye pointi kadhaa, uuze usiuze. Kwangu ilikuwa sehemu moja ya tano ya mshahara, na niliilipa mara kumi na tisa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama sana, na cha mvunguni kilikuwa maboksi ya unga wa virutubisho.

Kuuza nilijaribu, msije mkadhani nilikaa tu. Tatizo la bidhaa ile ni kwamba ilipaswa kumlisha aliyeniingiza mimi, aliyemwingiza yeye, na mlolongo mzima uliokuwa juu yao, na bei ilikuwa imewabeba wote hao. Mtu akiliweka kopo letu kando ya la dukani lenye viambato vilevile, letu lilikuwa zaidi ya mara mbili. Kwa muda wote ule nilipata wanunuzi wanne ambao hawakuwa wanachama. Mmoja ni mama yangu. Mwingine ni mwenzangu wa ofisini ambaye alinunua kopo moja na hakulitaja tena, nami kwa kumsitiri sikumuuliza kama alilifungua.

Nilipomlalamikia aliyeniingiza alinijibu kwa upole: “Dada, usihangaike na kopo moja moja. Tafuta watu.” Nililipokea kama ushauri wa biashara. Leo nikilifikiria naona alikuwa ameniambia kila kitu. Bidhaa ikikosa mnunuzi nje, dawa yake ni kumwingiza yule wa nje ndani, kwa sababu aliye ndani hununua bila kuuliza bei. Ananunua ili aendelee kuwa hai.

Nikarudi kwenye daftari. Kati ya majina mia moja niliwafuata sitini na mmoja. Hamsini na sita walikataa, baadhi kwa adabu, baadhi kwa kuacha kupokea simu zangu. Tulifundishwa kwamba hao ni wezi wa ndoto, wana fikra za kimaskini, tusiwape nafasi kwenye maisha yetu. Sentensi hiyo imenigharimu marafiki ambao hawajarudi. Watano walikubali, na hao wakaleta tisa wengine. Wote kumi na wanne nimewaandika ukurasa wa mwisho, kwa wino mwekundu, jinsi tulivyoelekezwa.

Niliwaambia nini? Niliwaambia “nimeanza kuona matunda.” Ilikuwa mwezi wa tatu, na tunda lenyewe lilikuwa bonasi moja iliyotokana na kifurushi cha rafiki yangu. Tulifundishwa kuishi kana kwamba tumeshafika, kwa hiyo nilipiga picha nimeegemea gari ambalo sikujua hata mwenyewe ni nani, nikaiweka kwenye simu kila mtu aione. Sikujihisi mwongo. Nilijihisi nimetangulia ukweli kidogo tu, na kwamba ungenikuta njiani.

Shangazi yangu alikuwa wa tatu kuingia. Alikuwa amestaafu muda si mrefu na alikuwa na akiba yake. Nilikwenda kwake jioni, nikamwamkia, nikamchorea yale maduara nyuma ya bahasha. Hakuuliza swali hata moja kuhusu maduara. Aliniuliza kama nimekula, kisha akauliza kifurushi kikubwa kabisa ni kipi, maana hataki kuniangusha. Bonasi yake ndiyo kubwa kuliko zote nilizowahi kupokea. Ilinipandisha cheo, nikaitwa jukwaani, nikavishwa beji mbele ya ukumbi mzima. Shangazi alikuwa mstari wa pili, akipiga makofi kuliko wote. Akiba iliyokuwa ikishangiliwa pale ni yake.

Kaka yangu ndiye aliyeona mapema. Bahati mbaya aliona kwa kejeli. Alinicheka mezani, mbele ya ndugu, akaniita mchuuzi wa vumbi. Alikuwa sahihi, na kwa sababu ya namna alivyosema nilikaa miezi sita zaidi nikimtafutia jibu. Aliye na ndugu ndani ya jambo hili naomba alishike hilo. Mtu aliyedhalilishwa hawezi kutoka, maana kutoka kutakuwa kukubali kwamba ni mjinga. Kama kaka angeniambia “dada, nionyeshe vitabu vyako, kazi yako si ndiyo hiyo,” ningevifungua, na ningeona mwenyewe.

Kilichonifungua macho kilikuja mwezi wa kumi na sita, bila hotuba. Tulikuwa tumetoka kwenye semina, mimi na yule aliyeniingiza, yeye na suti yake ya kijivu. Alikuwa vyeo vitatu juu yangu na alikuwa na miaka sita kwenye kazi ile. Tulipofika kituoni alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Dada, samahani. Una nauli? Bonasi ikiingia nitakurudishia.”

Nilimpa. Tulikaa kituoni pale kama saa nzima akinieleza. Kila cheo kina kiwango chake cha mwezi. Timu isipokifikisha, mwenye cheo hujazia kwa kununua mwenyewe, la sivyo anashushwa, na akishushwa timu inaona, na timu ikiona inavunjika. Alikuwa ameuza pikipiki yake ili abaki kwenye cheo. Mke wake hakujua. Nilimuuliza kwa nini asiache, akasema, “Niache niende wapi, na wote niliowaingiza?” Sikumwona tapeli. Nilimwona mtu aliyeweka fedha na miaka mingi mno kwenye jambo moja hata akashindwa kulitazama usoni. Pia niliona kwamba mimi nilikuwa njiani kuwa yeye.

Usiku ule nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya siku ya kwanza. Nilipiga mstari katikati ya ukurasa, yaliyotoka kushoto, yaliyoingia kulia, nikaendelea kuujaza mpaka siku niliyoondoka. Takwimu za mwisho ni hizi. Kifurushi, mshahara mmoja na nusu. Manunuzi ya kila mwezi, mishahara karibu minne. Viingilio vya semina, nauli, michango ya ukumbi, vocha za simu, vipeperushi: mshahara mmoja na zaidi kidogo. Jumla, mishahara sita na nusu. Upande wa pili, bonasi zote zilifika mishahara miwili na kidogo, na mauzo kwa watu wa nje hayakufika robo tatu ya mshahara mmoja. Hasara, karibu mishahara minne. Sikuhesabu jioni tatu za kila wiki wala Jumamosi zote.

Halafu nikafanya jambo lililoniuma zaidi ya hasara. Nilichukua bonasi moja moja nikafuatilia ilitoka wapi. Karibu tisa katika kila kumi zilitokana na vifurushi na manunuzi ya lazima ya watu wangu kumi na wanne. Iliyobaki ilikuwa punguzo la manunuzi yangu mwenyewe. Kutoka kwa mtu wa nje haikutoka hata senti moja. Kwa kazi yangu, nikikuta mteja ambaye mapato yake yote yanatoka kwenye mitaji ya wanaojiunga, najua la kumwambia.

Kama uko ndani sasa hivi, fanya hesabu hiyo leo, na uifanye kwa risiti, usikumbuke kwa kichwa, kwa sababu kichwa hukumbuka bonasi na kusahau nauli. Kama bado hujaingia, muulize anayekualika swali moja: mwezi uliopita, katika fedha ulizopata, ngapi zilitoka kwa watu wasio wanachama? Akikuonyesha gari, rudia swali. Akikutajia kiongozi aliyefika mbali, rudia swali.

Ndipo nikaanza kusoma, nikitafuta kama ni sisi tu. Mwaka 1979 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, inayojulikana kama FTC, iliamua kesi ya Amway, kampuni kubwa ya biashara hii. Iliona kwamba haikuwa piramidi haramu, yaani mfumo unaolipa kwa kuingiza watu badala ya kuuza bidhaa, ingawa iliikemea kwa kupanga bei na kutia chumvi mapato. Kilichoiokoa zaidi ni kanuni zake tatu: mwanachama auze angalau asilimia 70 ya alichonunua kwa mwezi, auze kwa wateja kumi tofauti, na anayeondoka aweze kurudisha mzigo. Nilizitambua mara moja. Mbili zilikuwamo kwenye mkataba wetu. Kila mwezi, kabla ya agizo kupita, kulikuwa na kisanduku cha kutia tiki kwamba umeuza asilimia 70 ya mzigo uliopita. Nilitia tiki mara zote, maboksi yakiwa chini ya kitanda nilichokalia. Bila tiki huagizi, bila kuagiza huwi hai. Hakuna aliyewahi kuniomba risiti ya mteja.

Kwa hiyo mtu akikuambia “sisi si upatu, tuna bidhaa na tumesajiliwa,” huenda anasema kweli na bado ukafilisika. Bidhaa kuwapo ni jambo moja, kuuzika nje ya wanachama ni jambo jingine. Mwaka 2016 Herbalife, kampuni nyingine ya aina hii, ilikubaliana na FTC kulipa dola milioni 200 na kubadili namna inavyowalipa watu wake ili malipo yafuate mauzo yanayoweza kuthibitishwa. Mwaka uliofuata watu karibu 350,000 walitumiwa hundi. Gawanya mwenyewe uone kila mmoja aliambulia kiasi gani. Kampuni ya AdvoCare nayo mwaka 2019 ilikubaliana na FTC kulipa dola milioni 150 na kuachana kabisa na mfumo wa ngazi.

Niliyoisoma mara mbili ni ripoti ya wataalamu wa FTC ya Septemba 2024. Walichukua taarifa za mapato ambazo makampuni 70 ya aina hii huzitoa yenyewe. Washiriki wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na hapo gharama walizotumia hazijatolewa. Katika makampuni yasiyopungua 17, wengi hawakupata chochote. Taarifa nyingi pia zilikuwa zimewaacha nje walioambulia kidogo au patupu, zikawaweka mbele wa juu. Hicho nilikielewa kuliko mtu yeyote. Ukitaka kitabu cha hesabu kipendeze, unaanza kwa kuchagua wa kutowahesabu.

Niwe mkweli upande wa pili pia. Uchunguzi wa mwaka 2018 wa wakfu wa AARP, shirika la watu wa umri wa miaka 50 na zaidi huko huko Marekani, ulikuta karibu nusu ya walioshiriki walipoteza fedha, kama robo hawakupata wala hawakupoteza, na kama robo walipata faida, wengi wao faida ndogo. Kwa hiyo wapo wanaopata. Niliwaona kwa macho. Wanajua kusema, waliingia mapema, na wana watu wengi wanaowaamini. Mimi ninaangalia fedha zao zilitoka kwa nani.

Kuondoka kuna hatua zake, na nilikosea kadhaa. Nilianza kwa kuwaaga watu kwenye kundi la simu, kwa hisia nyingi, wakati agizo langu la mwezi lilikuwa bado linakatwa lenyewe. Likakatwa tena. Anza na hilo: zuia malipo ya moja kwa moja, kisha andika barua ya kujitoa, tunza nakala na uthibitisho kwamba imepokelewa. Simu haitoshi, simu hugeuka kikao cha kukutia moyo. Kisha soma kipengele cha kurudisha bidhaa, ambacho mimi sikukisoma siku ya kusaini. Chetu kilisema zilizofungwa, zilizonunuliwa ndani ya miezi kumi na miwili, zinarudishwa kwa asilimia 90 ya bei, baada ya kukatwa bonasi zilizokwisha kulipwa juu yake. Mimi nilikuwa nimefungua maboksi mengi ili nitoe sampuli, na mengine yalishapitisha mwaka. Niliambulia maboksi saba. Usifungue usichokiuza.

Na ukiwa na watu chini yako, waambie kabla hujamaliza lako, maana siku zao za kurudisha zinahesabika. Shangazi alikuwa amebakiza miezi miwili na karibu mzigo wake wote ulikuwa haujaguswa. Tulijaza fomu pamoja. Alirudishiwa sehemu kubwa, na kampuni ikanidai bonasi niliyolipwa kwa ajili yake. Nililipa bila kulalamika.

Kwenye kundi la simu tulikuwa zaidi ya mia mbili, tukiitana familia. Nilipojitoa, walionitafuta kuniuliza hali walikuwa wawili.

Baada ya hapo nilichukua ukurasa ule wa wino mwekundu nikaanza kupiga simu. Sikuwa na hotuba. Nilisema: nilikuingiza, nilikuambia nimeona matunda, hayakuwapo, hizi ndizo hesabu zangu. Mmoja alicheka sana, akasema yeye aliacha mwezi wa pili na aliona haya kuniambia. Mwingine alikata simu na hatujaongea tangu siku hiyo, anayo haki. Dada mmoja, fundi cherehani, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ile fedha ilikuwa ya mashine ya pili. Alikuwa amepanga kumwajiri msichana. Sikulala usiku ule. Yeye ndiye niliyeanza kumrudishia.

Wale watano niliowaingiza kwa mkono wangu niliwalipa vifurushi vyao, nikitoa walichorudishiwa na kampuni. Ilinichukua miezi kumi na minne. Sheria haikunilazimisha, na sisemi kila mtu afanye hivyo. Wengine hawana hata cha kujilipa wenyewe. Nilifanya kwa sababu nilikuwa na orodha na sikuweza kuifunga ikiwa na deni. Shangazi alikataa bahasha yangu mara mbili. Ya tatu aliipokea, akaiweka chini bila kuihesabu, akasema, “Mwanangu, mimi huo mtandao sikuujua. Nilikuwa nakujua wewe.” Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Watu huniuliza kama sikupata faida yoyote. Nilipata. Nilikuwa siwezi kusimama mbele ya watu watano, sasa naweza kusimama mbele ya mia tatu. Nilijifunza kukataliwa bila kuumwa tumbo. Na lipo jambo ambalo wakosoaji wa biashara hii hulipita haraka. Kwenye timu yetu kulikuwa na bibi mmoja mjane ambaye hakuwahi kuuza hata kopo wala kuleta mtu. Alinunua kila mwezi na kuhudhuria kila kikao, amevaa vizuri, amekaa mbele. Nilimwona kama aliyeshindwa. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akilipia mahali ambapo watu humwita kwa jina na kumpigia makofi akifika. Alikipata alichokuja kukitafuta, pengine peke yake katika sisi sote. Alikilipia ghali mno, na waliokuwa wakimpokea mlangoni, mimi nikiwamo, walikuwa wakipata asilimia. Nilimtafuta nilipotoka. Huwa tunaongea Jumapili, bila kopo.

Katika wale kumi na wanne, nimeongea na kumi na watatu. Aliyebaki sikuwahi kuonana naye. Ni kijana aliyeingizwa na mtu aliyeingizwa na mtu wangu. Nilimjua kwa namba ya uanachama na bonasi ndogo iliyonifikia mwezi aliojiunga. Simu yake ilikuwa haipatikani kwa muda mrefu. Mwezi uliopita alipokea.

Nilijitambulisha, nikaanza maneno yangu niliyoyazoea. Alinisikiliza kwa heshima kubwa mpaka mwisho. Kisha akasema anashukuru kunifahamu, kwamba amesikia habari zangu, kwamba kila mtu huchoka na si kosa. Amepanda vyeo viwili, sasa ndiye anayechora ubaoni. Tangu nijitoe, yeye na watu wake wamehamishiwa juu, wanahesabiwa kwa yule wa suti ya kijivu.

“Una watu wangapi?” nikamuuliza.

“Arobaini, dada. Na mambo yamebadilika sana tangu uondoke. Una dakika kumi?”

Nilimwambia leo sina, nitampigia Jumamosi. Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, na pembeni ya namba yake nikaandika 40.